Fizikia Itafundishwa Tarehe 7 Agosti

Watu wengi huiogopa kompyuta kwa kudhani ina akili nyingi. Mimi, ambaye riziki yangu inatoka kwake, naiogopa kwa sababu nyingine kabisa: ina kiherehere. Ni kama yule ndugu wa harusini ambaye hakuna aliyemwita jikoni, lakini anaingia, anafunua sufuria, anaongeza chumvi, kisha anatoka akitabasamu na kusubiri kushukuriwa. Pilau likishindikana kulika, yeye ndiye wa kwanza kushangaa.

Kiherehere hicho hukioni ukiwa unaandika barua au unaangalia mpira. Kinajitokeza katika kazi ambayo kwa kuitaja tu haimtishi mtu: kuchukua faili la Excel na kuligeuza liwe faili la mipangilio, yaani lile ambalo programu hulisoma kabla ya kuanza kazi ili ijue ifanye nini na saa ngapi. Mweleze mtu kazi hiyo, atakujibu, "Si unakopi na kupesti tu?" Mwache. Huyo hajawahi kukabidhiwa ratiba ya mwalimu wa taaluma.

Mimi nimekabidhiwa. Shule niliyosoma, ya bweni, mkoani Morogoro, ilipata kengele mpya kwa michango ya wahitimu. Kengele ya enzi zetu ilikuwa rimu la lori lililoning'inia kwenye mwembe, na kiranja aliyeligonga kwa kipande cha nondo. Mfumo huo ulikuwa na kasoro moja tu: kiranja alikuwa na marafiki, na vipindi vya Hisabati vilifupika kwa namna ambayo Hisabati yenyewe haikuweza kuieleza. Kengele mpya haina rafiki. Ni kompyuta ndogo yenye ukubwa wa kadi ya benki, iliyounganishwa na king'ora juu ya paa la utawala na skrini ndani ya ofisi ya walimu. Inachohitaji ni ratiba tu, iliyoandikwa kwa muundo unaoitwa YAML.

YAML ilibuniwa mwaka 2001 ili binadamu aweze kuisoma bila kuumwa kichwa, na kwa macho kweli ni nyepesi. Unaandika jina la kitu, nukta mbili, kisha thamani yake. Somo: Fizikia. Chumba: Maabara. Kitu kilicho ndani ya kingine unakisogeza kulia kwa nafasi mbili tatu. Nafasi hizo si mapambo. Ukikosea moja, Fizikia ya Jumatatu inahamia kwenye familia ya Jumanne, na ukisogeza kwa kitufe cha Tab badala ya kitufe cha nafasi, faili zima linakataliwa kama fomu ya mkopo isiyo na mhuri.

Ratiba yenyewe ilikuwa mikononi mwa mwalimu wa taaluma. Mama huyu alinifundisha Jiografia, akanichapa kwa ajili ya Jiografia, na hadi leo nikisikia neno "tambarare" mgongo unanyooka wenyewe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Ratiba hii hapa, imekamilika kabisa. Wewe igeuze tu."

Nikaifungua. Nakiri kwamba ilikuwa nzuri. Ilikuwa na rangi kuliko duka la vitenge. Njano ilimaanisha mwalimu yuko likizo ya uzazi, kijani kipindi kimehamia maabara, bluu wanafunzi wa michepuo miwili wanachanganywa. Palikuwa pia na nyekundu.

"Na hii nyekundu, Mwalimu?"

"Hiyo bado tunazungumza na mkuu."

Sasa, rangi katika Excel ni kitu cha macho. Ukilihifadhi faili kama maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, rangi zote zinabaki nyuma. Likizo ya uzazi inafutwa, maabara inafungwa, na mazungumzo na mkuu yanakuwa yamekwisha bila mkuu kujua.

Kilichofuata ni chai. Siku za ratiba zilipangwa kutoka juu kwenda chini, Jumatatu hadi Ijumaa, na saa kutoka kushoto kwenda kulia. Katika safu ya saa nne, Mwalimu aliandika neno CHAI likisimama wima, herufi moja kwa kila siku. Mtu yeyote aliyewahi kuingia ofisi ya walimu ameuona ufundi huo. Ila CHAI ina herufi nne na siku za masomo ni tano, kwa hiyo Ijumaa alimalizia kwa alama ya mshangao. Nilipoligeuza faili, likaeleza kwa utulivu kabisa kwamba Jumatatu saa nne kuna somo la C, Jumanne kuna H, Jumatano A, Alhamisi I, na Ijumaa wanafunzi wote wa shule wanashangaa. Safu ya chakula cha mchana ilikuwa imempendeza zaidi, kwa sababu aligundua kuwa UGALI ina herufi tano. Kipindi cha L kilikuwa Alhamisi.

"Lakini Alhamisi ni makande," nikamwambia.

"Mwanangu, unataka ratiba au unataka menyu?"

Kisha yakajitokeza mambo ya Excel yenyewe. Vipindi vinavyofuatana Mwalimu aliviandika kwa kistari: 5-6 ni kipindi cha tano na cha sita, 7-8 ni cha saba na cha nane. Binadamu yeyote angeelewa. Excel haikungoja kuelewa. Iliona tarakimu, ikaona kistari, ikaamua kwamba Mwalimu anajaribu kuandika tarehe ila amechoka, ikamsaidia. 5-6 ikawa tarehe 5 Juni. 7-8 ikawa tarehe 7 Agosti. Kwa mujibu wa faili, Fizikia ya kidato cha tatu ingefundishwa mara moja kwa mwaka, siku ya kuamkia Nane Nane, wakati nusu ya mji wa Morogoro iko kwenye viwanja vya maonyesho ikiangalia ng'ombe wa maziwa. Katibu muhtasi alijaribu kuokoa jahazi kwa kuiandika upya kwenye kompyuta yake, ambayo imepangwa kwa mtindo wa Marekani wa kutanguliza mwezi. Huko Fizikia ikaangukia tarehe 8 Julai, siku moja baada ya Saba Saba. Kwa vyovyote vile, somo hilo lilikuwa halikwepi maonyesho.

Chumba cha tatu cha jengo E la kidato cha pili huitwa 2E3. Excel ilikitazama ikaona herufi E katikati ya tarakimu, ikakumbuka sayansi: mbili mara kumi kwa kipeo cha tatu. Kidato cha pili kikapangiwa chumba namba 2000, katika shule ambayo vyumba vyake vyote ungeweza kuvihesabu kabla maji ya chai hayajachemka.

Halafu kuna mistari iliyofichwa. Excel inakuruhusu kuuficha mstari usionekane, na Mwalimu, badala ya kufuta, alikuwa anaficha. Macho hayaoni, lakini skripti ya kusoma faili haina macho. Inasoma kila mstari uliopo. Mwalimu wa Biolojia aliyehamishiwa Tabora siku nyingi akafufuka na vipindi vyake vyote. Kwenye faili jipya alikuwa na mzigo mkubwa kuliko mwalimu yeyote aliyepo kazini, na hakuwa amekosa siku hata moja.

Kabla hujamcheka Mwalimu, jua kwamba wako wasomi wakubwa walioingia shimo hilohilo. Wanasayansi wa vinasaba wana jeni zilizoitwa SEPT1 na MARCH1. Ukiziandika kwenye Excel zinageuka tarehe mosi Septemba na tarehe mosi Machi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa takribani makala moja kati ya kila tano za kisayansi zilizoambatanishwa na orodha za jeni katika Excel zilikuwa na makosa ya aina hiyo. Ungedhani programu ndiyo ingerekebishwa. La. Mwaka 2020 kamati inayotoa majina ya jeni za binadamu ilisalimu amri ikabadilisha majina: SEPT1 ikawa SEPTIN1, MARCH1 ikawa MARCHF1. Vitu vilivyo ndani ya miili yetu tangu enzi za mababu vikabadilishiwa majina ili visiiudhi Excel. Microsoft waliweka namna ya kuizima tabia hiyo mwaka 2023, jeni zikiwa zimeshazoea majina mapya.

Mwaka huohuo wa 2020, katikati ya korona, nchini Uingereza karibu wagonjwa 16,000 waliopimwa hawakuingia kwenye takwimu za taifa kwa wakati. Matokeo yalipitishwa kwenye muundo wa zamani wa Excel, ambao shiti moja haibebi zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi haikupiga kelele. Iliachwa nje tu. Ukilinganisha na hayo, Fizikia ya tarehe 7 Agosti ni jambo la kifamilia.

Tuliitoa ratiba kwenye Excel, vistari vikarudi kuwa vistari, C-H-A-I-! ikaunganishwa kuwa chai, na mwalimu wa Biolojia akaachwa apumzike Tabora. Ikabaki YAML. Hapo nilitarajia amani, maana YAML haina rangi. Lakini nayo ina kiherehere chake, tena cha kimyakimya zaidi.

Ratiba za shule huwaandika walimu kwa herufi za mwanzo za majina yao. Mwalimu wa Kemia ni NO na mwalimu wa Historia ni ON. Katika YAML toleo la 1.1, la mwaka 2005, neno NO lisilofungwa kwa alama za nukuu halisomwi kama neno. Linasomwa kama ukanusho. ON nayo inasomwa kama uthibitisho. Skrini ya ofisi ya walimu ilipowaka kwa mara ya kwanza, ilitangaza kwamba Kemia inafundishwa na "False", na Historia inafundishwa na "True".

Ofisi ilicheka mpaka chaki zikadondoka. Mwalimu wa Historia alisimama, akarekebisha kola, akasema sasa hata mashine imekiri. Mwalimu wa Kemia alinitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayefuatilia kupandishwa daraja, "Kwa hiyo huko mfumoni mimi sipo?" Nikamfariji kwamba hayuko peke yake: nchi nzima ya Norwe, ambayo kifupi chake cha kimataifa ni NO, imefutwa mara nyingi kwenye mafaili ya namna hii, hadi waandishi wa programu duniani wakaliita tatizo lenyewe kwa jina la nchi hiyo. Toleo la 1.2 la mwaka 2009 liliacha tabia hiyo, ila programu nyingi zinazotumika hadi leo bado zinasoma kwa masharti ya zamani. Hakufarijika. Norwe, alisema, haisubiri barua ya Utumishi.

Sasa tufike kwenye saa, ambako ndiko kulikoamsha watu.

Excel haihifadhi saa kama saa. Inaihifadhi kama kipande cha siku. Kipindi cha kwanza huanza 2:00, na chini kabisa ndani ya faili 2:00 ilikuwa 0.0833, yaani sehemu ya kumi na mbili ya siku. Nikaigeuza iwe maandishi, 2:00. YAML ikaipokea, ikaona tarakimu zimetenganishwa kwa nukta mbili, ikadhani ni hesabu ya msingi wa sitini, ikazidisha mbili kwa sitini, ikaandika 120. Kipindi cha pili, cha 2:40, kikaanza saa 160. Nikaifunga kila saa kwa alama za nukuu ili ibaki maandishi na isiguswe na mtu. Ikabaki 2:00 safi, kama Mwalimu alivyoiandika.

Kwa tahadhari nilimuuliza, "Mwalimu, hizi saa ni za wapi?"

"Za hapahapa, mwanangu. Za wapi tena?"

Alisema kweli tupu. Mkazi yeyote wa pwani na bara, kuanzia mtoto wa darasa la kwanza, anajua kwamba siku huanza jua likichomoza na saa mbili ni saa mbili asubuhi. Kengele, iliyotengenezwa mbali na hapahapa, inajua kwamba siku huanza katikati ya usiku, na kwamba 2:00 ni saa nane za usiku. Paredi ilikuwa imeandikwa 1:30.

Basi saa saba na nusu za usiku, king'ora kilicho juu ya paa la utawala kikaita shule nzima paredi.

Mlinzi alidhani ni moto, akakimbilia ndoo ya mchanga. Kidato cha nne, watu wazoefu, walijifunika mashuka hadi kichwani. Kidato cha kwanza, waliokuwa hawana mwezi shuleni na ambao bado waliamini kwamba kila jambo la shule lina sababu, walivaa sare, wakajipanga mistari gizani na kuanza kuimba wimbo wa Taifa. Saa nane kamili ikalia ya kipindi cha kwanza, wakaingia madarasani. Saa nane na dakika arobaini ya kipindi cha pili. Mwalimu wa zamu alikuwa akitafuta swichi kwa tochi ya simu, lakini kengele ina betri yake, kwa kuwa kamati ya wahitimu ilitangulia kuwaza habari za umeme kukatika. Saa kumi alfajiri ikalia ya chai, na kidato cha kwanza kikaelekea bwaloni na vikombe.

Aliyeumia zaidi ni mama wa vitumbua. Yeye hana saa. Saa yake ni kengele ya shule. Alipoisikia akajua amechelewa, akawasha moto kwa pupa, na saa kumi alikuwa getini na ndoo imejaa vitumbua vya moto, akiwalaani wateja kwa uvivu. Kidato cha kwanza kikavinunua vyote. Kwa faida aliyopata, aliuliza kama mtambo huo unaweza kurudia Alhamisi.

Kengele iliendelea na ratiba yake hadi saa moja na dakika hamsini asubuhi. Wakati huo, walimu wakiingia na jua likiwa limepanda, ikatangaza chakula cha mchana. Kisha ikanyamaza kutwa nzima, imemaliza kazi.

"Jumlisha sita," alisema mkuu wa shule, na kwa vipindi vya mchana alikuwa sahihi: 2:00 ikawa 8:00, na 7:50 ikawa 13:50. Lakini ratiba ilikuwa na prepo pia, nayo huanza 1:30, tarakimu zilezile za paredi. Moja ni ya asubuhi, nyingine ya usiku, na hakuna mahali palipoandikwa. Nilipomuuliza Mwalimu, alinitazama kama zamani, nilipoweka Mto Rufiji Kagera.

"Prepo asubuhi umeiona wapi? Mtu mwenye akili anajua."

Na hapo ndipo ulipo mzizi wa kazi hii yote. Ratiba ya Mwalimu iliandikwa kwa ajili ya mtu mwenye akili. Nusu ya habari iko kwenye visanduku, na nusu iko kwenye vichwa vya walioizoea: kwamba prepo ni usiku, kwamba kijani ni maabara, kwamba herufi za wima ni chai, kwamba yule wa Tabora hayupo. Faili la mipangilio linaandikwa kwa ajili ya asiyejua lolote, kwa hiyo kila kitu lazima kitajwe. Huyo asiyejua ni rafiki wa kweli. Atasimama na kukuambia hajaelewa. Wanaotuponza ni Excel na YAML, waliosimama katikati, wanaojua kidogo na kukisia kingi, na ambao hawakuulizi hata siku moja.

Kwa hiyo sasa nina masharti. Safu inayobeba namba za vyumba au vipindi inatangazwa kuwa maandishi kabla ya kuandikwa chochote ndani yake. Rangi ikitaka kusema kitu, inaandikiwa safu yake. Mstari usiotakiwa unafutwa, haufichwi. Saa zote zinaandikwa kwa mfumo wa saa ishirini na nne, na ndani ya YAML kila kitu kinavaa alama za nukuu, hata kisichohitaji, kwa sababu kazi ya kuamua nani anahitaji ndiyo ileile iliyomfuta mwalimu wa Kemia. Mwisho kabisa, faili jipya linasomwa kwa sauti mbele ya Mwalimu, kipindi kwa kipindi, naye anatikisa kichwa au anatafuta fimbo.

Sasa kengele inalia inavyotakiwa, na sifa zimesambaa kuliko nilivyoomba. Nikiwa naaga, mhasibu alinikamata mlangoni. Anataka orodha ya wazazi iingizwe kwenye mfumo wa kutuma ujumbe wa ada. Nikaanza kuwaza namba za simu, ambazo Excel huzinyofoa sifuri ya mbele, na namba za NIDA zenye tarakimu ishirini, wakati Excel hukumbuka kumi na tano tu na kuzifanya tano za mwisho sifuri. Mzazi wa watu anabaki na kitambulisho chenye mkia wa mayai matano.

"Usiwe na wasiwasi," alisema mhasibu, akiniona nimebadilika uso. "Nimekupangia vizuri sana. Waliomaliza ada nimewapaka kijani. Waliolipa nusu, kijani kidogo."

"Na ambao hawajalipa kabisa?"

Aliangalia kulia na kushoto, kisha akaninong'oneza:

"Hao nimewaficha. Si unajua mkuu ana presha."